Panya Aliyeridhika

Asubuhi hiyo Mboni Shemzigwa alikwenda kazini na furaha yake. Ukungu wa mlima wa Magamba ulikuwa haujapanda, umelalia paa za maabara kama shuka, na kigari cha kuning'inia kwenye kamba kilichomleta kutoka mjini Lushoto kilipita katikati yake bila kuona mbele wala nyuma. Ndani ya chumba cha panya kulikuwa na joto zuri na harufu ya pumba safi. Tunu Kihiyo, mtunza wanyama wa maabara na rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa ameshawalisha panya wote, anaimba peke yake.

"Umechelewa," Tunu alisema. "Kachori amekuulizia."

"Anataka nini?"

"Anauliza utaolewa lini."

"Mwambie nasubiri posa yake."

Walicheka. Panya wote wa chumba kile walikuwa weupe, macho mekundu, na Tunu alikuwa amewapa majina ya vyakula kwa sababu, alivyosema, mtu hawezi kumchoka anayeitwa Kachori. Kachori alikuwa panya mwoga, mwembamba. Aliyelala naye tundu moja tangu wakiwa wadogo aliitwa Chachandu, panya mnene, mtundu, aliyependa kupekua mifuko ya watu.

Kichwani mwa Chachandu mlikuwa na punje. Zilikuwa laini kuliko unga wa ngano. Alivutishwa punje hizo puani siku moja, zikaenda kukaa kwenye ubongo, na tangu hapo zilitii rimoti ndogo iliyotosha kiganjani. Mahali fulani zilinyonya kemikali iliyozidi, mahali pengine zikaachia iliyopungua. Dawa za zamani zilikuwa kama kufungulia mfereji shamba zima ili kumwagilia mche mmoja. Punje zilimwagilia mche.

Lakini kuwa na punje ni jambo moja, na kujua uziamuru nini ni jambo jingine, na hapo ndipo Mboni alipojipatia jina. Wageni walipokuja maabara, yeye ndiye aliyepewa kuwaeleza, naye aliwaeleza vizuri. "Dopamini ndiyo inayosema, nakitaka kile," aliwaambia. "Serotonini inasema, tulia, umetosheka. Noradrenalini ni mlinzi wa mlangoni, akiona hatari anapiga kelele. Oksitosini ndiyo inayomfanya panya amjue mwenzake kuwa ni mwenzake. Hakuna hata moja inayofanya kazi peke yake. Zimekaa kama watu wanne kwenye benchi fupi: mmoja akijisogeza, wote wanajisogeza."

Baada ya miaka ya kuwasogeza watu hao wanne huku na huku, alipata mkao uliompendeza kila mtu. Waliuita Tulizo. Panya aliyeharibiwa na hofu, aliyejikunyata pembeni na kukataa hata maji ya sukari, alikula, alicheza, alilala usingizi mzito. Masika iliyopita kibali kilitoka, Tulizo ikajaribiwa kwa watu waliovunjwa na msiba au vitisho, ambao dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Mmoja wao alikuwa Hemedi, kaka yake Mboni wa tumbo moja.

"Leo tuwape bomba," Tunu alisema. "Tuimalize ile ripoti tupumue."

Jaribio la bomba lilikuwa la siku nyingi na halikuwa na ugumu. Panya mmoja alitiwa ndani ya bomba la kioo lenye mlango uliofunguka kwa kusukumwa kutoka nje tu. Mwenzake aliachwa nje. Panya wa kawaida aliyeachwa nje hakutulia: alizunguka, aling'ata kioo, mwisho akajifunza kuusukuma mlango. Kabla ya kupewa punje, Chachandu alikuwa bingwa wa mchezo huo.

Tunu alimtia Kachori ndani. Kachori alianza kulia, ile sauti nyembamba ya panya inayosikika kama mlango usiotiwa mafuta. Chachandu alikuja mbio, akanusa kioo, akamtazama. Walitazamana uso kwa uso. Kisha Chachandu akaketi, akanawa uso kwa mikono yake miwili, akala mbegu za alizeti zilizokuwa karibu, akajilaza pembeni mwa bomba, akaupa kioo mgongo, akasinzia. Mkono wa Kachori ulikuwa ukikwaruza kioo nyuma kabisa ya sikio la Chachandu.

Tunu aliacha kuimba.

"Labda amesahau mlango unavyofunguka," Mboni alisema.

Walimtoa Kachori, wakatia mbegu za alizeti bombani mahali pake. Chachandu aliamka, akausukuma mlango bila kusita, akala.

"Hajasahau," alisema Tunu. "Labda hampendi tena."

Walimwachia Kachori. Chachandu alimwendea kwa furaha, akamlamba masikio, akamlalia kama alivyozoea. Mapenzi yalikuwepo. Waliwajaribu panya wengine wa Tulizo, jozi kwa jozi, mpaka ukungu ukapanda na jua likaingia dirishani, na kila mmoja alifanya lile lile: alimwona mwenzake anateseka, akaendelea na starehe zake bila chuki yoyote.

"Ndiyo maana wakasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa," Tunu alisema taratibu.

Mboni alikuwa akimfikiria kaka yake.

*

Hemedi alikaa Migambo, kwenye shamba la mipeasi alilorithi kwa baba yao. Mkewe, Zaina, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa figo, na baada ya mazishi Hemedi naye alikuwa kama aliyezikwa. Peasi ziliiva, zikaanguka, zikaoza chini ya miti. Hakuoga, hakusema. Majirani walimkuta amekaa shambani katikati ya mvua, wakamrudisha ndani kwa kumshika mkono kama kipofu. Binti yake Saumu, aliyekuwa hajaanza shule, alichukuliwa na Mboni. Kisha ikaja Tulizo. Hazikupita wiki nyingi, Hemedi akaomba uji. Akashika jembe. Siku alipokuja mwenyewe mjini kumchukua mwanawe, amevaa shati lililopigwa pasi, Mboni alijifungia chooni akalia kwa furaha mpaka akasikia aibu.

Jioni ya siku ile ya bomba, Mboni alimkuta anapogoa matawi, anapiga mluzi.

"Karibu, mdogo wangu! Umepungua, hamli huko kwenu?"

"Tunakula, kaka. Saumu yuko wapi?"

"Ndani. Alikuwa analia, naona amenyamaza."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. Mboni aliingia ndani. Saumu alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametumbukiza mkono kwenye bakuli la maji aliyoyateka mwenyewe. Alikuwa amejaribu kuteleka chai, birika likamponyoka. Ngozi ya nyuma ya kiganja ilikuwa imetutumka malengelenge.

"Saumu! Ulimwambia baba?"

"Nilimwambia, shangazi. Kasema pole, utapoa. Halafu akaniimbia."

"Akakuimbia?"

"Wimbo mzuri," Saumu alisema, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

Mboni alimbeba mpaka zahanati. Muuguzi alimsafisha, akamfunga bandeji, akamsifu kwa ushujaa. Waliporudi, Hemedi alikuwa amepika wali na maharage, tena amepika vizuri, na amewawekea sahani zao juu ya meza. Mboni alisubiri Saumu alale.

"Kaka, uliuona ule mkono?"

"Niliuona."

"Hukuogopa?"

Hemedi aliweka kijiko chini, akafikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, si kabla ya msiba wala baada yake. "Hapana," alisema mwisho. "Nilijua ni jambo la kuogopesha. Lakini hofu yenyewe haikuja." Akatabasamu. "Nampenda sana Saumu, wajua."

"Najua, kaka."

"Basi kula, wali unapoa."

*

Profesa Elinami Mchome, mkuu wa mradi, alikuwa Mpare mrefu, mpole, aliyezoea kuvua miwani kila aliposikia habari asiyoipenda, kana kwamba kutoona vizuri kungeipunguza. Aliivua kabla Mboni hajafika mwisho.

"Panya si watu, Mboni."

"Tulipokwenda kuomba kibali, Profesa, tulisema panya ni kama watu. Ubongo wa ndani ule ule, kemikali zile zile. Habari ikiwa njema panya ni ndugu yetu, ikiwa mbaya panya ni panya tu?"

Profesa alifuta miwani kwa ncha ya tai. "Yuko mama mmoja Soni," alisema. "Alikaa chumbani, madirisha yamefungwa, tangu siku wanawe walipofukiwa na maporomoko. Jana nimemkuta sokoni anauza vitunguu, ananipunguzia bei. Unataka niende nikamzimie taa yule mama?"

"Sijasema hivyo."

"Kaka yako je? Umemwuliza anataka nini?"

"Nimemwuliza. Amesema hana neno."

"Basi."

"Basi nini, Profesa? Mtu aliyeridhika, ukimwuliza kama aendelee kuridhika, atakujibu nini? Hemedi leo hata nikimwomba nimkate kidole atasema hana neno, mradi nisichafue meza."

"Na ukiizima Tulizo, ukamwuliza akiwa kule gizani? Atakubali chochote, ilimradi atoke. Huyo naye hayuko huru. Kwa hiyo utamsikiliza Hemedi yupi?"

Mboni alikuwa amelala nalo swali hilo, ameamka nalo, na sasa kulisikia kwa kinywa cha mtu mwingine hakukulipunguzia uzito. Huko nje mtu alikuwa akifyeka majani. Walikaa wakimsikiliza.

"Labda yupo wa tatu," alisema mwishowe. "Katikati ya hao wawili."

"Nani anajua kama yupo?"

"Chachandu," Mboni alisema, na Profesa, ingawa hakupenda, alicheka.

Hakuwa mtu mbaya, na alipokwisha kukubali jambo hakulikubali nusu. Siku hiyo hiyo alisimamisha kuingiza watu wapya, ingawa wakubwa wa mradi walimpigia simu mpaka sikio likapata moto. Wiki hiyo hiyo familia zote ziliitwa, zikaambiwa kweli: wagonjwa wenu wanawapenda, lakini wakiwaona mko hatarini huenda wasiinuke. Iliamuliwa kuwa kila nyumba yenye mtoto au mgonjwa iwe na mtu mzima mwingine. Kwa Hemedi, mtu huyo alikuwa Mboni. Alihamia Migambo na sanduku moja na kitanda cha kukunja.

Na jambo la ajabu, ilikuwa miezi mizuri. Asubuhi alimsuka Saumu nywele huku Hemedi akikoroga uji. Mchana alikuwa maabara na Tunu. Jioni walikaa kibarazani watatu, Hemedi akisimulia visa vya baba yao mpaka mbavu zikauma. Mara nyingine Mboni alijiuliza anahangaikia nini. Kisha Saumu akijikwaa, au akikohoa usiku, alimtazama baba yake kwanza, kwa mazoea tu, halafu macho yake yakahamia kwa shangazi. Kuhama huko kwa macho ndiko kulikompeleka Mboni kazini kila siku.

*

Jibu lilikuwa kwenye ile benchi fupi.

Waliangalia picha za ubongo wa Chachandu wakati Kachori analia, wakaona oksitosini inaamka kama inavyotakiwa. Chachandu alimsikia mwenzake. Lakini baada ya hapo, noradrenalini, yule mlinzi, ilipaswa ipande kutoka shinani mwa ubongo ipige kelele. Na dopamini nayo, ikisikia kelele, iuone ule mlango kuwa kitu cha kutakwa. Tulizo ilikuwa imeipa serotonini nguvu ya kumziba mlinzi mdomo kabla hajaufungua. Bila kelele, dopamini haikuona la kukimbilia. Upendo ulikuwepo, ila hakukuwa na wa kuuamsha.

Kwanza walimfungulia mlinzi moja kwa moja. Ilikuwa vibaya. Chachandu alirudi pembeni, akajikunyata, akayakataa maji ya sukari, na Tunu alimwangalia kwa siku moja tu akaja juu.

"Mrudishie! Sikumlea huyu panya nije nimwone hivi."

Mboni alimrudishia. Kisha akafikiri upya. Tatizo halikuwa mlinzi kuwa huru au kuwa kifungoni. Tatizo lilikuwa nani amwamuru. Punje zilikuwa na uwezo wa kuonja kemikali zilizozizunguka. Basi akaziamuru zilegeze mkono pale tu zinapoonja oksitosini imepanda, yaani pale tu mwenzake anapoita, na zikaze tena polepole, hatari ikishapita.

Siku ya kujaribu, Profesa mwenyewe alikuja. Kachori aliingizwa bombani, akalia. Chachandu, aliyekuwa anakula, aliinua kichwa. Mbegu ikamdondoka. Alizunguka bomba mkia umesimama kama mswaki, akang'ata kioo, akazunguka tena, akaupata mlango, akausukuma kwa pua. Kachori alitoka. Walikumbatiana kwa namna ya panya, kichwa chini ya kidevu, na kwenye skrini wakaona moyo wa Chachandu ukienda mbio, halafu ukipungua, ukipungua, mpaka ukatulia. Tunu alipiga kigelegele, akavua kanga yake ya begani akaanza kucheza kati ya matundu, akimzunguka Profesa aliyesimama kama nguzo, naye kicheko kimemjaa usoni.

Mboni alifurahi kama wao, ila aliendelea kumtazama Chachandu siku zilizofuata, na aliyaona mengine. Kachori alipojigeuza tu usingizini, Chachandu aliamka. Kachori alipopelekwa kupimwa uzito, Chachandu aliacha chakula mpaka aliporudishwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na wasiwasi, kama kiumbe chochote chenye wapendwa wake.

"Umeona?" alimwambia Tunu.

"Nimeona. Ndiyo maisha hayo."

"Kwa Kachori uko mlango wa kufungua. Hemedi akimkumbuka Zaina, oksitosini itapanda vile vile. Mlinzi atapiga kelele vile vile. Na kwa Zaina hakuna mlango."

Tunu alitia mkono tunduni, akamkuna Chachandu tumbo. "Basi usiamue wewe," alisema. "Na usiache kumwuliza kwa kumwonea huruma."

*

Walimwuliza Hemedi mchana, sebuleni kwake. Saumu alikuwa shule. Profesa alikaa na rimoti magotini, akaishusha Tulizo hatua kwa hatua, akiacha muda mrefu kati ya hatua na hatua, mpaka walipofika kwenye ule mkao mpya, ambapo Chachandu alikuwa ametulia lakini macho yake yako wazi. Hapo akaacha.

Hemedi aliangalia ukutani, kwenye ndoano iliyokuwa imebaki na baibui la Zaina, ambalo hakuna aliyelitoa na ambalo alikuwa amepita mbele yake kila siku akipiga mluzi. Machozi yalianza kumtoka taratibu, bila kelele. Mboni alitaka kuinuka. Profesa alimwashiria atulie.

"Nilikuwa nayaona yote," Hemedi alisema baada ya muda. "Msidhani nilikuwa nimelala. Saumu akilia namwona, najua analia. Ilikuwa kama kuitazama mvua ukiwa ndani ya nyumba yako, dirisha limefungwa. Unaona watu wanaloa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa inaninyeshea."

"Inanyesha sana, kaka?"

"Inanyesha." Kisha, kwa ghafla, akamgeukia. "Mkono wa Saumu! Ulipona? Ulibaki na kovu?"

"Ulipona. Kovu lipo, dogo."

"Na mimi nikamwimbia." Alifunika uso. "Mungu wangu, Mboni. Mtoto kaungua, mimi nikamwimbia."

Profesa alimweleza kila kitu, kwa lugha ya kawaida na bila haraka. Alimwambia anaweza kurudi kwenye Tulizo ya kwanza, na maumivu haya yataondoka, na hakuna atakayemlaumu. Anaweza kuondolewa punje zote, lakini kuna hatari ya lile giza kurudi. Au anaweza kuchukua mkao huu mpya: atalala, atakula, atafanya kazi, lakini wapendwa wake watamfikia. Wote, pamoja na aliyekufa.

"Huo wa tatu," Hemedi aliuliza, "nitamlilia Zaina?"

"Utamlilia."

"Mpaka lini?"

"Hilo sijui, ndugu yangu. Mimi mke wangu amekufa miaka mingi, sina punje kichwani, na sijui bado."

Mboni alimtazama Profesa. Hakuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Mwisho Hemedi akasema, "Nipeni mpaka kesho. Nataka nifikiri."

Mboni aliona bega la Profesa likishuka, na uso wake mzima ukifunguka. Hakuuliza kwa nini, alijua. Katika miezi yote ya Tulizo, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuomba muda wa kufikiri.

Mchana ule Saumu aliporudi kutoka shule, Hemedi alimpokea getini, akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Mtoto alimwachia, ameshangaa. Baba alimwuliza kama uliuma sana. Saumu alimwambia uliuma, tena sana, akaanza kulia kilio cha mambo yaliyopita, na Hemedi akalia naye, wamekaa chini kwenye nyasi, mkoba wa shule umelala pembeni. Mboni aliingia jikoni akawasha moto, ingawa hakukuwa na cha kupika.

Kesho yake Hemedi alisema anachukua mkao wa tatu. Aliweka sharti moja. "Siku nikiwaambia imenizidi, mnisikilize. Msiseme ni kemikali zinazosema."

"Tutakusikiliza," Profesa alisema.

Wengine nao waliulizwa kwa njia ile ile, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Wengi walichagua kama Hemedi. Yule mama wa Soni alisikiliza mpaka mwisho, pamoja na kisa cha Chachandu na mlango, akaomba siku zake za kufikiri, akazitumia zote, kisha akasema anarudi kwenye Tulizo ya kwanza. Wanawe wote walikuwa udongoni, alisema. Hakuwa na wa kumfungulia mlango, na vitunguu vyake vilikuwa vinamtosha. Mboni hakukubaliana naye. Alirudi kwake mara mbili, wakanywa chai, wakaongea, na mara ya pili alielewa kuwa hakuwa ametumwa kule kukubaliana. Rimoti ilirudishwa pale mama alipotaka, na jirani yake mmoja akakubali kuwa anampitia asubuhi na jioni.

*

Msimu wa peasi ulipofika, shamba lilijaa. Droni za kubebea mazao zilikuwa zikitua pale uwanjani kwa zamu, zinajaziwa makreti, zinapaa kuelekea Mombo. Mboni alikuwa amekuja kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Siku hizi alikuwa akiishi tena mjini kwake, kwa sababu hakuhitajika tena Migambo. Alikaa kibarazani na kisu na sinia, akimenya peasi za kukaushia.

Hemedi alikuwa juu ya ngazi, anachuma. Alikuwa amekonda kidogo. Siku nyingine, alimwambia, aliamka na Zaina kifuani, akashindwa kuinuka mpaka jua liwe juu. Kisha Saumu alikuja kudai uji, naye akainuka. Mluzi wake ulikuwa umepungua. Vicheko vilikuwepo, ila vilikuja vyenyewe, bila kupangwa.

Mara Mboni akamsikia akipiga ukelele.

"Saumu! Wee Saumu! Shuka humo! Shuka sasa hivi!"

Saumu alikuwa ameingia ndani ya kreti tupu juu ya droni, amekaa, amekunja magoti, anasubiri safari ya Mombo. Mapangaboi ya droni yalikuwa bado yamesimama na yasingezunguka mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuirusha. Hatari haikuwa kubwa. Lakini Hemedi aliruka kutoka katikati ya ngazi, kikapu kikamwagika, kandambili moja ikabaki nyuma, na alikimbia vile vile, mguu mmoja pekupeku, peasi zikipasuka chini ya nyayo zake. Alimtoa mtoto kwenye kreti kwa mikono miwili. Akamtikisa. Akamkumbatia. Akamweka chini amgombeze, akashindwa kumaliza maneno, akamkumbatia tena.

"Unataka kuniua? Eh? Unataka nife?"

"Nilitaka kuiona Mombo tu, baba."

"Mombo! Nitakupeleka mimi Mombo! Kwa miguu nitakupeleka!"

Sauti yake ilikuwa imepasuka kwa hofu, ilisikika mpaka bondeni, na mbwa wa jirani walikuwa wameanza kuijibu. Saumu alianza kucheka, na kadiri alivyocheka ndivyo baba yake alivyozidi kufoka, huku amemshika mkono kwa nguvu, hamwachii.

Mboni hakuinuka kwenda kuwaamua. Alichukua peasi nyingine kwenye sinia, akaimenya polepole, akisikiliza.